Mlevi wa Utotoni na Mlevi wa Ukubwani

Nilipokuwa nikifundisha upande wa Igembe, katika wilaya ya Meru ya wakati ule, nilimkuta asubuhi moja mvulana wa darasa la saba amelalia dawati, pumzi zake zikinuka chang'aa. Jumamosi alikuwa amechuma miraa, na ujira wake ukaishia kwa mama pima. Nilimwita mtundu, nikamfukuza akamlete mzazi. Aliyekuja ni baba yake, naye alipepesuka kumshinda mwanawe. Mtoto hakurudi shuleni tena.

Nimejiuliza tangu hapo iwapo ulevi wake ni sawa na wa karani mmoja wa Embu niliyemfahamu, aliyeanza kunywa baada ya miaka arobaini, alipofiwa na mkewe. Wataalamu hawawatii katika kapu moja. Mwaka 1981, Cloninger wa Marekani na wenzake walichunguza kumbukumbu za watu wa Sweden waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakabainisha walevi wa aina mbili. Wa kwanza huzidiwa na pombe ukubwani. Ni mtu wa wasiwasi na majuto. Wa pili huanza kabla ya miaka 25, hupenda hatari na ugomvi, na aghalabu baba aliyemzaa alikuwa mlevi. (Wako walevi tele wasioenea katika sanduku lolote kati ya hayo, na wakosoaji wamelisema hilo.)

Mwaka 1997 Grant na Dawson walionyesha kwamba Wamarekani walioonja pombe kabla ya miaka 15, zaidi ya 40 kwa mia walikuja kuwa watumwa wake. Walioanza wakiwa na miaka 20 walikuwa kama 10 kwa mia. Umri pekee si mchawi: huenda mtoto mwenye pupa ndiye anayeitafuta chupa mapema.

Huku kwetu pombe ya asali ilikuwa haki ya wazee. Siku hizi ulinzi huo umeachiwa sheria ya 2010, inayokataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18 na kufungua baa karibu na shule kwa mita 300. Hata hivyo, Mei 2014 pombe yenye methanoli iliwaua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine.

Yule mvulana sikumwuliza alianza lini, wala nyumbani nani anakunywa. Mara ya mwisho nilimwona Maua, akipakia miraa garini. Alinisalimu, "Mwalimu," akageuka.