NENO MOJA, MAANA NYINGI

Leo nataka tulitazame neno moja dogo, lenye herufi tatu tu, ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi tangu alfajiri hata usiku. Neno lenyewe ni KAA. Kwanza nitawaeleza jinsi neno hili lilivyonitia aibu nilipokuwa mtoto.

Nilipokuwa katika darasa la nne, nilikuwa miongoni mwa watu wachache wa kijiji chetu waliojua kusoma. Basi kila barua iliyofika ililetwa kwangu, nami nilijivuna sana kwa kazi hiyo. Siku moja akaja mama mmoja, jirani yetu, na barua ya mwanawe aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Barua ilikuwa fupi: "Mama, salamu sana. Nakwenda Tanga na wenzangu. Sitakaa. Nisalimie wote." Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, sitakaa maana yake nini?" Nami, bila kufikiri, nikamjibu, "Anasema hatakaa nasi tena, Mama. Amehamia Tanga."

Mama akalia. Baada ya siku kupita akaona hakuna faida ya kumtunzia mali mtu aliyeuacha mji wake. Akauza mbuzi jike wawili wa yule kijana, na kibanda chake akampa mtoto wa ndugu yake. Katika juma la nne kijana akatokea, mzigo begani. Alipoelezwa habari aliitwaa ile barua, akaisoma, akacheka. "Mimi nilisema sitakaa, yaani sitakawia." Kisha akauliza mbuzi wake wako wapi, na hapo hakuna aliyecheka, kwa kuwa mbuzi wale alikuwa amewaweka kwa ajili ya mahari.

Je, kosa lilikuwa la nani? Nitalijibu swali hilo mwisho. Kwanza tulichungue neno lenyewe.

Maneno yenye maana nyingi ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni maneno mbalimbali, yasiyo na udugu, ambayo yamekutana katika sauti moja. Kaa ni mnyama wa pwani mwenye magando, aendaye upande. Kaa ni kipande cha kuni kilichoshika moto, au kilichozimika kikawa cheusi. Tena kaa ni kuweka mwili chini, au kuishi mahali. Mnyama, moto na kuketi havina uhusiano wo wote, lakini sauti ni moja.

Tukichunguza zaidi tutaona kwamba zamani maneno haya yalikuwa na sauti ya L katikati, nayo katika Kiswahili imepotea. Ushahidi tunao vinywani mwetu wenyewe. Twasema kaa, lakini twasema kalia kiti, wala hatusemi "kaia". Twasema vaa, lakini valia. Zaa, lakini zaliwa. Twaa, lakini twaliwa. Ile L iliyojificha hurudi neno linapoongezwa mwisho wake. Tena twaweza kuwauliza jirani zetu. Sisi twasema njaa. Waganda husema enjala, na watu wa Nyasa husema njala. Sisi twasema makaa. Wasemao Kilingala kule Kongo husema makala, na Wakikuyu, ambao kwao sauti hiyo ni R, husema makara. Na Wazulu, walio mbali sana kusini, humwita kaa inkala. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alitoa kitabu kilicholinganisha sauti za lugha hizi za Kibantu, akaonyesha ya kuwa sauti hazibadiliki ovyo, bali hufuata taratibu.

Sasa huenda mtu akauliza, "Ikiwa maneno haya yamefanana hivyo, mbona hatupotezani kila siku?" Jibu ni kwamba lugha yetu ina mlinzi wake, nao ni upatanisho wa maneno. Nikisema "kaa ameanguka," mtajua kwamba ni yule wa pwani, kwa sababu yu hai na huchukua A. Nikisema "kaa limeanguka," mtatazama chini msije mkaungua. Kaa huyu, kaa hili. Kaa wawili, makaa mawili. Na yule mzee asemaye "Kaa akiinua gando, mambo yamekatika" hafikiriwi na mtu kuwa anasema habari za jiko. Herufi chache za mwanzo wa neno linalofuata zatosha kuondoa shaka yote.

Namna ya pili ni neno moja lenye matawi mengi, kama mti wenye shina moja. Kaa, maana yake kuketi, ndilo shina. Mtu aketiye mahali siku nyingi huwa anaishi hapo, basi twasema "anakaa Bagamoyo." Kitu kisichoharibika upesi hubaki mahali pake, basi twasema "nyumba hii ya mawe itakaa." Nguo iliyoshonwa vema hutulia mwilini, basi twasema "kanzu hii imemkaa." Na mtu asiyeondoka upesi huchelewa, basi twasema "alikwenda sokoni akakaa sana." Kutoka shina hilohilo tumepata makao, mkaaji, mkazi na kikao.

Lakini angalieni: katika namna hii ya pili yule mlinzi wetu hana nguvu. Upatanisho hautusaidii, kwa sababu kitendo ni kilekile. "Sitakaa" ya mtu anayehama na "sitakaa" ya mtu asiyetaka kukawia huandikwa sawasawa. Hapa kinachotusaidia ni maneno yaliyo jirani na neno hilo. "Sitakaa huko" ni habari ya mahali. "Sitakaa siku nyingi" ni habari ya wakati. Na tunapozungumza uso kwa uso, sauti na mkono wa msemaji hutimiza kilichopungua. Barua haina sauti wala mkono.

Hata kamusi haiwezi kutuamulia. Mwaka 1939 ilitolewa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, kwa kufuata kazi ya A. C. Madan. Ukilitafuta humo neno kaa utalikuta zaidi ya mara moja, pamoja na maana zake nyingi. Lakini kamusi hutaja maana ziwezazo kuwapo. Haijui ni ipi aliyoikusudia yule kijana.

Basi, kosa lilikuwa la nani? Kijana aliandika neno moja mahali palipotaka maneno matatu. Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Niliulizwa maana, nami nilijua maana moja, nikaitoa kana kwamba hakuna nyingine. Ningalisema, "Mama, neno hili lina maana mbili, yafaa tumwandikie tumwulize," karatasi moja na stempu moja vingaliwaokoa mbuzi wawili.

Ninyi wanafunzi mnaowasomea wazee barua, kumbukeni hayo. Asiyejua kusoma hana njia ya kuwasahihisha. Ameyaweka mambo yake mikononi mwenu. Mkikuta neno lenye njia mbili, mwambieni hivyo. Na ninyi mnaoandika, ongezeni neno moja zaidi. Wino ni rahisi kuliko mbuzi.