Unataka Kuchapa Vayolini na Uko Kitui ama Makueni? Saka Mwalimu Kabla Uguze Doo Yako

Najua venye ilianza. Ulicheki msee kwa harusi huko Wote, ama kwa klipu fulani ya TikTok, anavuta upinde polepole hadi watu wananyamaza, ukasema manze, hii lazima niijue. Usiku huo huo ukaingia mtandaoni kuangalia bei. Sasa hebu weka simu chini kidogo tuongee.

Mimi nilinunua kwanza, mwalimu baadaye. Vayolini ilifika imefungwa fiti, nikavuta upinde juu ya nyuzi na hakuna kitu kilitoka. Kimya. Nikadhani nimeuziwa feki. Wiki mbili nilikuwa nakasirikia ile mashine mpaka jamaa mmoja wa kwaya akaniuliza, "Kwani ulipaka rozini?" Rozini ni ule ulimbo mgumu unaosugua kwa nywele za upinde ndiyo zishike uzi. Upinde mpya bila rozini ni bubu. Yangu ilikuwa kwa boksi tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni sabuni.

Mwalimu angenimalizia hiyo shida kwa sekunde kumi. Na hiyo ni shida ndogo. Shida kubwa ni mikono. Gita liko na vile vyuma kwa shingo vinavyokuonyesha pa kubonyeza. Vayolini haina. Kidole kikisonga milimita chache, noti imeharibika na kila mtu kwa ploti amesikia. Video ya YouTube inaeza kukuonyesha mkono wa mtu mwingine, lakini haioni wako. Ukijifunza kukaza bega na kufinya shingo ya vayolini kama mpini wa jembe, mwili unazoea hivyo, na kuitoa hiyo tabia baadaye ni kazi kuliko kuanza upya. Wengine huanza kuumwa shingo na kifundo cha mkono na wanaacha kabisa, wakisema hawana kipaji. Kipaji walikuwa nacho. Mtu wa kuwaambia "legeza bega" ndiye alikosekana.

Sasa huyo mtu utampata wapi ukiwa Mwingi, Mutomo, Emali ama Makindu? Usitegemee kuona bango kwa barabara. Anza na shule. Kenya Music Festival huwa kila mwaka, na nyuma ya kila timu inayopanda jukwaani kuna mwalimu wa muziki. Nenda shule ya upili iliyo karibu, uliza nani hufunza ala. Hata kama yeye mwenyewe hachapi vayolini, anajua nani anachapa, coz hao wasee hukutana kwa mashindano na wanajuana wote. Na kwa vile mwaka wa 2026 Gredi 10 imeanza na njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, swali lako halitaonekana la ajabu kwa ofisi ya walimu.

Halafu kanisa. Ukambani unajua vizuri, AIC, Katoliki na SDA ziko kila kona, na kwaya zao hazina mchezo. Ngoja ibada iishe, salimia kiongozi wa kwaya kwa heshima, mwambie unatafuta nini. Ukiwa pande za Kwa Vonza, ulizia wanafunzi wa SEKU walio kwa kwaya na vikundi vya muziki. Na Desemba usilale: wanafunzi wa muziki wa Kenyatta University na vyuo vingine wako ocha kwa likizo, wana muda na wanahitaji doo.

Ukikosa kabisa, kuna Nairobi. Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifunza tangu 1944. Si lazima uende kila wiki. Unaeza panga na mwalimu muonane uso kwa uso mara moja kwa mwezi, katikati unamtumia video zako kwa WhatsApp anakurekebisha. Wasee wa Emali, Kibwezi na Mtito Andei mna bahati, treni ya SGR ile ya kusimama vituoni inawapitia. Kama mko wanne Wote, afadhali mchangie fare ya mwalimu aje kwenu kuliko nyote mpande mat.

Hapa ndipo wengi hupigwa: kujua kama mwalimu ni mzuri. Mtu akuchapie wimbo mtamu, utatoa pesa ya miezi mitatu papo hapo. Usitoe. Usimsikize yeye tu, sikiza mwanafunzi wake. Mwambie, "Mwalimu, naomba kuona mtu ulimuanzisha miezi sita imepita." Kama huyo mwanafunzi amesimama wima, anashika upinde bila kukaza na noti zake ziko karibu na ukweli, umefika. Vyeti ni vizuri, mtu akiwa amefanya gredi za ABRSM za Uingereza sawa, lakini kuna wachapaji wakali wasiojua kufunza hata jirani.

Omba somo moja la majaribio, nusu saa inatosha, na ulilipie. Angalia kama anakufunza kutyuni zile nyuzi nne, G, D, A na E, ama anakutyunia tu kila siku ndiyo umtegemee. Angalia kama anaomba ruhusa kabla ya kurekebisha mkono wako. Kama mwanafunzi ni mtoto, mzazi akae hapo ndani ama mlango ubaki wazi, na mwalimu akikasirikia hiyo, mnaenda nyumbani. Akikuahidi utachapa harusi baada ya wiki mbili, toroka. Lipa kwa kila somo mpaka umwamini.

Baada ya hapo ndiyo sasa ununue, na yeye akiwa hapo. Mtu mzima anachukua saizi ya 4/4, watoto wanapimwa mkono kwanza. Acha mwalimu aangalie kama daraja limesimama sawa na kama vigingi vinashika. Ukieza kuazima ama kukodisha miezi ya kwanza, hiyo ni akili. Na jua la kwetu unalijua: usiache vayolini ndani ya gari mchana pale Kibwezi. Gundi inaachia, mbao inapasuka, na fundi wa kuirudisha hayuko kwa soko la Jumatatu.

Mwezi wa kwanza utatoa sauti ya mbuzi amefungwa kwa turnboy. Ni kawaida. Dakika 15 kila siku zinashinda masaa matatu ya Jumamosi, na majirani watakuwa wapole zaidi. Ukimaliza, legeza nywele za upinde kabla ya kuuweka.

Na kabla ya somo la kwanza, kata kucha za mkono wa kushoto. Fupi kabisa. Hata wewe mwenye umetoka saluni jana.