Saa Mia Mbili na Mlango Uliofungwa

Hapa Kimbo, Matangi na Ruiru kwa jumla, nje kidogo ya Nairobi, mali ya familia nyingi ni ardhi: ploti ya futi hamsini kwa mia iliyonunuliwa zamani, au nyumba za kupangisha zilizochipuka kwa wingi barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Kwa hiyo binti au kijana wa hapa akisema anataka kuwa rubani, mazungumzo ya nyumbani hufika upesi kwenye swali la ploti ipi iuzwe au sacco ipi itoe mkopo, maana mafunzo yenyewe hula mamilioni ya shilingi. Familia hujifunga kibwebwe, mwanafunzi hupita mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, leseni ya kibiashara hutoka, picha hupigwa. Kisha simu hailii. Matangazo ya kazi yanataka saa 500 au zaidi za kuruka, na daftari la kijana lina 200. Ninavyoona mimi, mlango huo wa idadi ya saa umewekwa mahali pasipofaa. Rubani mpya huaminika kwa jinsi alivyozipata saa zake na kwa mtu aliyeketi kando yake alipozipata. Idadi peke yake inatuambia machache mno, na kuitegemea kunawaumiza vijana bila kumlinda abiria.

Tuanze na leseni yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya kibiashara ni saa 200 za kuruka, au 150 ikiwa mwanafunzi amefuata kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa. Saa nyingi kati ya hizo hupatikana ndani ya ndege ndogo ya injini moja na viti vinne, kama Cessna 172, mwanafunzi akiwa na mwalimu wake au peke yake. Sasa mchukue huyo umweke ndani ya Dash 8-400 ya Jambojet yenye viti 78. Hapo ndege haiendeshwi na mtu mmoja. Mmoja anashika usukani, mwingine anasoma orodha ya ukaguzi, anajibu redio, anatazama vipimo na kutamka kwa sauti kila anachokiona. Safari ya kurudi wanabadilishana. Kabla ya kufika huko, rubani mpya lazima apate idhini ya aina hiyo ya ndege. Atasoma mifumo yake ya umeme, mafuta na haidroliki, kisha ataingia kwenye mashine ya kuigizia urukaji azimiwe injini wakati ndege inapaa, mara kwa mara, mpaka mkono na mguu vifanye kazi bila kusubiri woga upite. Baadaye huja mafunzo ya safarini, ndege ikiwa na abiria wa kweli: kapteni mkufunzi upande wa kushoto, mgeni upande wa kulia na, katika safari za mwanzo, mara nyingi rubani wa tatu nyuma yao ili kuingilia kati mambo yakienda mrama. Miezi hiyo ndiyo inayomgeuza mwenye leseni kuwa rubani wa kampuni ya ndege. Ni sehemu ya shule, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Ajali inayotajwa zaidi katika mjadala huu ni ya Marekani. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ya kikanda ya Colgan Air, Dash 8 ya muundo huohuo wa 400, ilianguka karibu na Buffalo. Watu wote 49 waliokuwamo walifariki, pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Uchunguzi ulionyesha kwamba kasi ilishuka mno, usukani ukaanza kutetemeka kama ulivyoundwa kuonya, na kapteni akauvuta badala ya kuusukuma mbele, mabawa yakakosa nguvu ya kuibeba ndege. Bunge la Marekani lilijibu kwa sheria ya mwaka 2010, na tangu 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria huko anatakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa waliotoka jeshini au vyuo vilivyoidhinishwa, ambao wanapunguziwa. Lakini kapteni wa ndege ile alikuwa na saa 3,379 na msaidizi wake 2,244. Sheria iliyozaliwa na ajali yao isingemzuia hata mmoja wao kuingia ndani ya ndege ile. Walichokikosa kilikuwa mazoezi ya kweli ya kuokoa ndege inayopoteza nguvu ya mabawa, nidhamu ya kunyamaza mazungumzo ya kando wakati wa kukaribia kutua, na usingizi.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa inakuja Nairobi, na Wakenya walikuwa wengi miongoni mwa watu 157 waliokufa. Ilipojulikana kwamba rubani msaidizi alikuwa na saa 361 tu, wako waliorukia kusema kosa limepatikana. Walisahau kwamba kapteni wake alikuwa na saa 8,122. Walisahau pia kwamba miezi isiyotimia mitano kabla, huko Indonesia, ndege ya muundo huohuo wa Boeing 737 Max ilianguka kwa sababu ya programu ileile iliyoinamisha pua ya ndege kwa kuamini kihisi kimoja kibovu, na ndani yake walikuwamo marubani wawili, kila mmoja akiwa na saa zaidi ya 5,000. Kijana mwenye saa 361 na mkongwe mwenye saa 6,000 walishindwa na kitu kimoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefundishwa kukikabili.

Mtu anaweza kupinga kwamba baada ya sheria ya 2010 Marekani ilikaa miaka mingi bila ajali kubwa ya ndege ya kampuni zake za abiria, hadi ile ya Washington ya Januari 2025. Pingamizi hilo lina uzito, ila linasahau kwamba sheria ileile ilileta mengine: kanuni mpya za mapumziko, mafunzo ya lazima ya kuokoa ndege iliyopoteza nguvu ya mabawa, na kumbukumbu za majaribio ya rubani kufuatwa anapohama kampuni. Hayo yote yaliingia ndani ya miaka hiyohiyo, kwa hiyo huwezi kuipa sifa yote idadi ya saa. Na Ulaya, ambako kijana mwenye saa 200 hivi anaweza kuingia kiti cha kulia cha ndege kubwa akishafuzu mafunzo ya kampuni, haiko mbali na Marekani kwa usalama.

Hapa Kenya kijana aliyefungiwa mlango huzitafuta saa popote zinapopatikana. Wengi hugeuka walimu wa wanafunzi wapya, kazi ya heshima inayofunza mengi, ila ni kuzungukazunguka anga lilelile ndani ya ndege ileile ndogo. Wala si mahali salama pa kungojea: tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya Safarilink ziligongana hewani karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Waliokuwa ndani ya Cessna, mwalimu na mwanafunzi, walipoteza maisha; Dash 8 ilirejea uwanjani na watu wake 44 wakiwa hai. Wengine, katika nchi kadhaa, hulipishwa na kampuni ili wakae kiti cha kulia, na hapo mzazi aliyeuza ploti anaombwa auze nyingine.

Ilhali shule nzuri tunayo, tena karibu. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege Nairobi mwaka 1929, na uwanja unaobeba jina lake tangu 1962 bado ndiyo njia panda ya ndege ndogo za ukanda huu. Uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa jua ndege iliyojaa inahitaji umbali mrefu zaidi ili iruke. Cessna Caravan inayoondoka hapo asubuhi inaweza kutua kwenye kiwanja cha udongo huko Mara, ambako rubani hupita chini kwanza kutazama kama nyumbu wametanda, kisha ikaelekea kwenye joto la pwani au la Turkana. Njiani kuna Bonde la Ufa na milima ya Aberdare, ileile inayoonekana kutoka Thika mawingu yanapofunguka, ambako Caravan iliyotoka Kitale ilipotea tarehe 5 Juni 2018 na watu 10 wakafariki. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, lakini kampuni nyingine huweka wawili. Kiti hicho cha pili ndicho ninachokitetea. Saa 300 za kukalia hapo kando ya kapteni anayefundisha, kwa upepo wa ubavuni, matope na mawingu ya Aprili, zinamjenga kijana kuliko maelfu ya mizunguko juu ya uwanja mmoja.

Wenye kampuni watasema hawana uwezo. Kwamba wakimfundisha mgeni atavuka kwenda Doha au Dubai kabla wino wa mkataba haujakauka. Ni kweli wanaondoka, na mshahara wa Ghuba hauzuiwi na hotuba ya uzalendo. Lakini dawa ipo na inatumika: mkataba wa kutumikia kampuni miaka fulani, na anayeondoka mapema hurejesha sehemu ya gharama iliyobaki. Ethiopian wamefundisha marubani katika chuo chao Addis Ababa miaka mingi, na shirika lao halijafa kwa kuhamwa. Bima ni tatizo gumu zaidi, maana mara nyingi kampuni za bima ndizo zinazodai idadi ya saa. Hapo KCAA inaweza kusaidia, kwa kuweka utaratibu rasmi wa mafunzo ya kiti cha kulia unaokaguliwa na kuandikwa kwenye daftari, ili bima ipate kitu cha kupima zaidi ya jumla ya saa.

Liko jambo jingine lisilozungumzwa: mahali rubani mpya anapolala. Mshahara wa mwanzo ni mdogo na mara nyingi unagawanywa na mkopo, hivyo hubaki Kimbo kwa wazazi au hupangisha hapo kwa kuwa kodi ni nafuu. Akitakiwa Wilson saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaamka saa tisa, ashike matatu au gari la kuazima, apite Thika Road na katikati ya jiji hadi Lang'ata. Kanuni za mapumziko huhesabu kazi tangu anaporipoti, hazihesabu tangu alipofunga mlango wa nyumbani. Rubani msaidizi wa Colgan alisafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi kituo chake cha kazi karibu na New York, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Umbali wetu ni mfupi kuliko huo, ila uchovu wa siku tano mfululizo haujali kilomita. Kampuni inayompa rubani wake mpya pa kulala karibu na uwanja, au inayompangia zamu za mchana miezi ya kwanza, inanunua usalama kwa bei rahisi.

Basi mzazi wa Kimbo, kabla ya kutia sahihi kwenye hati ya kuuza ploti, mpeleke mwanao kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA apimwe afya daraja la kwanza. Macho au moyo vikikataa, ni afadhali ujue leo. Kisha uliza shule maswali matatu kwa maandishi: wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi wapi, ni kampuni gani imewachukua kwenye kiti cha kulia, na nani aliyelipia mafunzo yao ya aina ya ndege. Shule ikikosa majibu, nenda nyingine. Na shule ikijibu vizuri, bado tenga fedha za kumlisha kijana miaka miwili baada ya leseni, kwa maana kwa sasa ndivyo mlango ulivyo.