Mistari ya Barabarani na Jirani Tusiyemwona

Siku hizi katika nyumba nyingi za Wakristo wamo vijana wajifunzao kuendesha motokaa au pikipiki, na wazee hufurahi siku waletapo leseni nyumbani. Nasi twafurahi pamoja nao. Lakini twaona kwamba wengi wamejifunza kuendesha gari, wala hawakujifunza kuisoma barabara. Nayo barabara ina maandiko yake, kwa rangi juu ya lami na kwa taa kwenye njia panda.

Kwanza ni mistari ya katikati. Mstari uliokatika-katika maana yake waweza kulipita gari la mbele, ukiisha kuona kwamba njia ni wazi. Mstari mzima maana yake usiuvuke ili kulipita gari lingine. Ikiwapo miwili pamoja, mmoja mzima na mmoja uliokatika-katika, utii ule ulio upande wako. Kwa maana mwenzako ajaye huenda ameruhusiwa lile ulilokatazwa wewe.

Sisi wenyewe, tulipokuwa tukijifunza, tuliunung'unikia mstari mzima. Tulikuwa nyuma ya lori lililopanda kilima polepole, na mbele yake barabara ilikuwa tupu. Tukamwambia mwalimu wetu, "Mzee, hakuna mtu, mbona tusipite?" Hakujibu neno. Akatuamuru tuliweke gari kando, tukashuka, tukapanda naye kwa miguu hata kileleni. Huko tukaona basi lililojaa abiria likija mbio, na kando ya njia watoto wa shule wakitembea. Kutoka chini hatukuweza kumwona hata mmoja wao. Mzee akasema, "Aliyepiga rangi hii alisimama hapa kwanza."

Pili ni taa. Zamani hazikuwako. Mwaka 1868 huko London, karibu na Bunge la Uingereza, iliwekwa taa ya gesi yenye nyekundu na kijani, ikigeuzwa na askari kwa mkono. Lakini mwezi wa Januari 1869 ililipuka ikamjeruhi askari aliyeisimamia. Tena mwaka 1920 huko Detroit, Marekani, askari William Potts alitengeneza taa ya umeme yenye rangi tatu, akiitia manjano kati ya zile mbili. Mbona rangi ya tatu? Kwa sababu gari halisimami mara liambiwapo. Liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja.

Basi, nyekundu ni kusimama nyuma ya mstari, wala si juu yake. Kijani ni kwenda, ikiwa njia ni wazi. Manjano si ruhusa ya kukimbia, kama wengi wafanyavyo. Ni onyo la kusimama, isipokuwa umekaribia mno hata kufunga breki ghafula kungeleta hatari.

Tatu ni kivuko chenye milia kama ya punda milia. Hapo mwenye miguu hutangulia, na mwenye gari humngoja. Tena ukiona gari limesimama mbele ya kivuko, usilipite kamwe. Huenda dereva wake amemwona mtoto anayevuka, nawe humwoni kwa kuwa gari lenyewe limemficha.

Angalieni, wapenzi, jinsi mambo haya yote yalivyo na shina moja. Mstari wa kilimani, taa ya manjano na milia ya kivuko vyote vyamtetea mtu ambaye dereva hajamwona. Ni rahisi kumhurumia jirani aliye mbele ya macho yetu. Lakini yule aliye nyuma ya kilima naye ni jirani, na pengine ni mtoto wa nyumba yetu.

Kwa hiyo twawaomba ninyi walimu, chora mistari hii kwa chokaa uwanjani, watoto waijue kabla hawajashika usukani. Nanyi wazazi, kijana aletapo leseni, mwulizeni maana ya kila mstari kabla ya kumpa ufunguo. Haraka haraka haina baraka. Akiuliza, "Mbona nisipite, na njia ni tupu?" mpandisheni kilimani kwa miguu, ajionee.

Mungu awalinde njiani, ninyi na wale msiowaona.