Kumbukumbu za Askari wa Simu

Mkulima wa Kianjokoma, aliyezoea mvua za Mlima Kenya, anayajua matope. Lakini askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, walikumbuka matope yaliyokwamisha hata magari ya jeshi.

Humo askari wa simu aliketi na chombo chake cha simu ya upepo, akisikiliza nukta na vistari. Silaha yake kubwa ilikuwa elimu: akikosea tarakimu moja, mizinga ingeweza kuwapiga wenzake.

Tarehe 2 Desemba 1944 Divisheni iliingia Kalewa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, bunduki ilirudishwa serikalini. Elimu, askari alirudi nayo kwao.