Kamyo Ikitetemeka, Tazameni Mipira

Ninyi mnaopakia mahindi na makaa katika kamyo kwenda masoko ya Kolwezi na Likasi, sikieni. Kamyo ikitetemeka, shofere husema: «Ni barabara.» Mara nyingi ni kweli. Lakini ikitetemeka hata mahali palipo sawa, simamisheni, mtazame mipira.

Kwanza kazeni nati zote, kwa maana gurudumu lenye nati zilizolegea laweza kutoka njiani. Tena ulizeni: inatetemeka wapi? Kama ni usukani, mara nyingi kosa liko mbele. Kama ni kiti, liko nyuma. Ikiyumba katika mwendo wa polepole, tafuteni mpira wenye uvimbe, ao chuma cha gurudumu kilichopindika. Ikianza katika mbio tu, uzito wa gurudumu si sawa pande zote. Pengine ni udongo mwekundu uliokauka ndani ya chuma. Huo uondoeni wenyewe kwa kijiti na maji, bila kulipa fundi hata franka moja.

Mkiwa na shaka, zuieni magurudumu mengine kwa mawe, inueni lile moja kwa kriki, lizungusheni polepole, na kijiti kiwe karibu nalo bila kuligusa. Nafasi ikipungua na kuongezeka, mmeona ugonjwa.

Uvimbe hauna dawa: nyuzi za ndani zimekatika. Nilimwona mtu aliyegeuza mpira wa namna hiyo ili uvimbe ukae ndani, watu wasiuone. Jua lilikuwa kali, mzigo mzito. Mpira ulipasuka, magunia yakaanguka mtaroni, na mama wawili waliokaa juu yake wakavunjika miguu.