Makaa ya mifupa huokoa meno ya watoto

MZAZI anayechemsha maji ya kisima kabla ya kumpa mtoto wake hufanya jambo la busara, kwani moto huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini kuna madini ambayo moto hauyawezi, nayo ni floridi. Maji yanapogeuka mvuke, floridi hubaki sufuriani, na kila kikombe kinachosalia huwa nayo zaidi kuliko mwanzo.

Floridi hutoka katika mawe ya volkano. Ndiyo sababu visima vingi vya Nakuru, Naivasha, Gilgil na hata sehemu za Nairobi hutoa maji maangavu, yasiyo na harufu, ilhali yamepita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa kabla ya kufikisha miaka minane hivi, wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Floridi ikiwa nyingi sana, na ikanywewa kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika na viungo vikakakamaa.

Dawa imepatikana kichinjioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza makaa ya mifupa ya wanyama. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa kuwa chembe ndogo, ikaoshwa, kisha ikajazwa katika ndoo yenye mfereji. Maji hupenya humo polepole. Kinachoyasafisha ndicho kile kile kinachoharibu meno: floridi hupenda kushikamana na kalsiamu na fosfati zilizomo mifupani na menoni. Heri ishikamane na mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kuliwa!

Usijaribu kuichoma mifupa hiyo nyumbani. Isipoiva sawasawa huyatia maji uvundo. Ikiungua hadi kuwa nyeupe, nguvu zake hupungua.

Msomaji aliyesikia kwamba kuna bakteria wanaosafisha maji ya ardhini huenda akauliza mbona wasitumiwe hapa. Ni kweli wapo. Mwaka wa 1979 bomba la mafuta lilipasuka karibu na mji wa Bemidji, Marekani, na wanasayansi walioanza uchunguzi huko 1983 waligundua kuwa bakteria wa kawaida wa udongoni walikuwa wakiyala mafuta hayo, ingawa kwa mwendo wa kobe. Hata naitreti itokayo vyooni huweza kugeuzwa na bakteria kuwa gesi isiyodhuru, wakilishwa unga wa mbao. Lakini floridi ni ayoni ya elementi moja tu. Haina vipande vya kuvunjwavunjwa. Lazima inaswe na kuondolewa.

Makaa ya mifupa nayo hushiba. Floridi ikiwa nyingi, hushiba upesi, na ulimi wako hautakuambia. Kwa hivyo peleka maji ya kisima yapimwe maabara kabla ya kununua kichujio, kisha upime yale yaliyochujwa mara kwa mara ili ujue wakati wa kubadilisha makaa. Wale ambao dini yao inawakataza baadhi ya wanyama wamwulize mtengenezaji mifupa ni ya mnyama gani.

Na sufuria usiitupe. Kichujio hiki hakiui viini, hivyo maji yachujwe kwanza, kisha yachemshwe.